Neno Lililombakia Baba

Rongai, 11 Februari 2024

Kibii,

Chamgei. Uko aje huko kwenye moshi? Sisi tuko. Jua limekausha kila kitu, tangi limebaki na tope chini, na Wariara wa hapa jirani anatugawia maji ya kisima chake bila kuombwa. Anakusalimu. Ameng'oa meno mawili ya mbele na anasema hataki mengine. Kuku wa marehemu mama wamebaki watatu. Mimi niko nyumbani tangu mwezi uliopita. Chumba changu cha Karagita nimekifunga, na kule kwenye shamba la maua niliomba likizo.

Nimekupigia simu mara tisa tangu Jumatatu. Mara ya kwanza ulipokea, ukasikia sauti ya baba nyuma yangu, ukakata. Halafu ukaniandikia kwamba nisikupigie tena nikiwa karibu naye. Kibii, nyumba ni vyumba viwili. Saa zote niko karibu naye. Kwa hivyo nimenunua karatasi. Nyongesa, yule dereva wa lori la chakula cha mifugo, anasema husimama hapo Kikopey kila Alhamisi kula. Atakupa barua mkononi.

Sasa nikueleze, maana huenda ulisikia sauti usielewe. Tarehe ishirini na mbili Januari baba aliamka mkono na mguu wa kulia haviwezi kusogea, mdomo umekwenda upande. Madaktari wa Nakuru wakasema ni kiharusi. Tulilazwa siku kumi na moja. Nasema tulilazwa kwa sababu na mimi nililala pale, kwenye kiti. Anakula, anasikia, anatujua. Lakini maneno yote yamemtoka isipokuwa moja. Neno lenyewe ni ng'ombe.

Akitaka maji anasema ng'ombe. Akitaka kugeuzwa, ng'ombe. Wariara akimwamkua, ng'ombe. Mchungaji alikuja kuomba naye, na pale pa kusema amina baba akasema ng'ombe, kwa sauti ya heshima kabisa. Hakuna aliyecheka.

Nadhani anauliza hali ya ng'ombe wake. Wako salama wote saba. Chelel amezeeka lakini bado anatoa maziwa ya chai. Anakuangalia mtu kama zamani, kama anayetaka kukuuliza kitu. Ungekuja uwaone, hata kwa siku moja.

Dada yako,
Jepkemboi


Kikopey, 7 Machi 2024

Dada,

Salamu zimefika. Mimi mzima. Kazi ni ile ile. Nakata nyama, wengine wanachoma, magari ya Nairobi yanasimama na kuondoka. Wikendi hatukai chini. Mkono wa kisu umeanza kuniuma kwenye kifundo lakini si sana. Msalimie Wariara, mwambie meno ayaache hivyo hivyo.

Barua yako imekaa kwenye mfuko wa aproni wiki tatu. Ina damu kidogo pembeni, si yangu.

Pole kwa kuuguza. Najua ni kazi.

Unasema anauliza ng'ombe wake. Wewe ulikuwa shule ya bweni, labda hukusikia vizuri. Ng'ombe wake aliwaita tuga. Asubuhi alitoka nje akiwaambia maneno ya Kikalenjin, mazuri, moja moja, kila mmoja kwa jina lake. Kiswahili alikiweka kwa wanunuzi, kwa daktari wa mifugo, na kwangu mimi. Niliporudia darasa la sita mara ya pili alininunulia kengele ya shingoni, akaitundika mlangoni pa chumba changu. Ulikuta ile kengele likizo ya Agosti, ukauliza ni ya nani, mama akasema imeokotwa.

Ng'ombe nilikuwa mimi. Kwa hivyo kama ndilo neno lililombakia, basi amebakia na lile alilolipenda zaidi kunipa.

Siku ile ya kwa kina Winrose ulikuwepo. Sitaandika habari yake hapa.

Sitakuja.

Kibii


Rongai, 24 Machi 2024

Kibii,

Mvua imeanza, kidogo kidogo. Wariara amepanda maharagwe kandokando ya ua letu, na mimi nimemwacha. Binti wa mchungaji ameolewa Jumamosi. Nilisikia muziki nikiwa nafua mashuka. Baba ameweza kukaa kwenye kiti kwa saa nzima bila kuegemea upande.

Likizo yangu imeisha tarehe kumi na tano. Nilimpigia msimamizi, akasema ataona.

Siku ya kwa kina Winrose hukutaka kuiandika. Acha niiandike mimi, maana miaka sita hatujawahi kuisema, na mimi nina sehemu yangu ndani yake.

Tulikwenda Elburgon watu wanane kukuposea. Wewe ulivaa lile koti la kijivu la mitumba ulilonunua Gikomba ukalipeleka kwa fundi likakukaa vizuri. Tulipewa chai, tukapewa mursik, maziwa ya kibuyu, wazee wakaongea mambo ya koo. Kisha baba yake Winrose akauliza, kwa mzaha tu, "Na nyinyi mmetuletea ng'ombe wangapi?" Baba akasimama. Akakushika bega, akasema kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe, "Wengine watafuata. Huyu ndiye wa kwanza. Mchukueni bure, maziwa hana na jembe hawezi kuvuta."

Watu wakacheka. Wa kwao, wa kwetu, hata yule mama aliyekuwa akipitisha vikombe. Wewe ulitabasamu, ukaweka kikombe chini taratibu, ukasema unaenda haja. Hukurudi. Wala hukurudi nyumbani.

Na mimi nilicheka, Kibii. Ndicho nilichotaka kukuambia.

Sasa habari nyingine. Nakuru wametupa mtaalamu wa matamshi, anaitwa Unnati. Ni Mhindi wa hapa hapa mjini, baba yake ana duka la vitambaa, na Kiswahili anakisema kutushinda. Alikaa na baba akimwonyesha picha: kikombe, kitanda, mbwa. Kila picha ng'ombe. Hata picha ya ng'ombe alisema ng'ombe, na Unnati akaandika kwenye karatasi yake kwamba hiyo pia haihesabiki.

Nikamuuliza, "Kwa nini hilo, na si jina la mama, au hata Yesu?"

Akasema, "Neno linalobaki si lazima liwe ndilo analotaka kusema. Mara nyingi hubaki matusi, au sala, au kitu alichokisema mara nyingi sana, au alichosikia mara nyingi sana. Usilifasiri. Mwangalie macho na mkono wa kushoto."

Nilimweleza Wariara, na Wariara akasema baba alipokuwa kijana mdogo akichunga kwenye shamba la mzungu upande wa Solai, nyapara aliwapanga asubuhi na kuwaita wote jina moja. Unaweza kukisia lipi. Miaka minne aliitwa hivyo. Mimi sikujua. Baba hakuwahi kusema.

Ng'ombe wako salama.

Jepkemboi


Kikopey, 30 Mei 2024

Dada,

Nimechelewa. Mvua ilikuwa nyingi, barabara ikakatika huko chini Mai Mahiu, siku kadhaa hatukuwa na wateja. Tulikaa tukiangalia makaa. Sasa hali imerudi.

Mambo ya nyapara nimeyasoma. Hayabadilishi kitu kwangu. Aliyajua maumivu yake, akanipa na mimi.

Ulipocheka nilikuona. Nimejua miaka yote hii. Ulifunika mdomo kwa kitambaa cha mezani.

Winrose alipita hapa mwaka juzi na mume wake na watoto wawili. Aliagiza mbavu. Nilimkatia. Aliniambia "Asante, boss," na sidhani aliniangalia usoni. Au aliniangalia. Sikuuliza.

Chelel yuko aje?

Kibii


Rongai, 9 Juni 2024

Kibii,

Umeandika mistari michache na mmojawapo ni wa kumuulizia Chelel. Nimefurahi.

Chelel yuko. Yuko nyuma ya nyumba. Mvua imeleta majani mengi, wote wamenenepa.

Baba amepata kidonda mgongoni lakini kinapona, namgeuza kila saa mbili. Kitanda nimekigeuza kikaangalia ukuta wa upande wa barabara, mwanga wa dirishani ulikuwa unamuumiza macho. Kule kwenye maua wamenitumia ujumbe kwamba nafasi yangu imechukuliwa. Nikaujibu "sawa, asante."

Nyongesa anakusifu. Anasema unamwekea nyama laini.

Jepkemboi


Kikopey, 20 Juni 2024

Dada,

Nyongesa anatafuna polepole, ndiyo maana.

Nitakuandikia kitu, na usijibu haraka.

Jumanne ya tarehe saba Mei tajiri wangu alinituma kichinjioni Gilgil kuchagua nyama, kwa sababu yule anayekwenda siku zote alikuwa mgonjwa. Nilifika mapema, wanyama bado wako kwenye zizi la kungojea. Walikuwa kama kumi na tano. Kulikuwa na jike mmoja mweupe, mzee, amesimama peke yake kwenye kona. Kwenye bega la kushoto ana kovu refu lililopinda kama mundu.

Kovu hilo nililishona mimi. Unakumbuka alipojirusha kwenye seng'enge akiwa ndama? Baba alikuwa Marigat kwa mazishi. Nilimlaza, mama akashika kichwa, nikashona kwa uzi wa katani na sindano ya magunia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba aliporudi aliangalia ile kazi kwa muda mrefu, akaenda zake kunawa mikono. Siku ile hakuniita kitu chochote.

Nilisimama kwenye fito za zizi. Nikamwita Chelel. Akageuza sikio, sikio tu. Nikamuuliza mwenye zizi, "Huyu ametoka wapi?"

Akasema, "Rongai. Walikuja saba kwa lori moja. Kwani unamtaka?"

Nikasema, "Hapana, nauliza tu."

Ningeweza kumtaka. Ningeweza kusema ni wetu, au kumpigia tajiri simu, au kukupigia wewe. Nilikuwa na simu mfukoni. Nilisimama tu. Walimchukua wa nne. Baadaye nikachagua nyama niliyotumwa, nikapakia, na mchana nikaikata kama ninavyokata nyama zote. Sijui kama alikuwa ndani yake. Sikuangalia. Kazi iliisha saa kumi na moja, nikanawa, nikala chapati.

Halafu wewe unaniandikia yuko nyuma ya nyumba, na amenenepa.

Sikukasirika. Nilitaka kukasirika nikaona hakuna.

Kibii


Rongai, 14 Julai 2024

Kibii,

Niliisoma barua yako nimesimama jikoni. Nikaikunja, nikaenda kumgeuza baba, nikarudi kuisoma tena. Baridi imeingia. Sina habari za jirani leo.

Niliwauza tarehe tatu Mei. Mwezi Aprili niliwapeleka mtoni, nikamwacha baba amelala, nikasema dakika ishirini. Nilirudi nikamkuta sakafuni, uso kwenye sementi, akisema neno lake kwa sauti ndogo, ndogo sana, kama mtu anayehesabu. Sijui alikaa pale muda gani. Tangu siku ile sikuweza kumwacha, na wao walishinda zizini na njaa wakilia. Walilia siku nane. Yeye alikuwa akiwasikia, na kila wakilia anaitikia.

Mnunuzi aliniambia anawapeleka shamba la Mai Mahiu wakafugwe. Niliamua kumwamini. Sikumuuliza jina la shamba.

Kitanda sikukigeuza kwa sababu ya mwanga. Dirisha linaangalia zizi. Na wewe nilikudanganya kwa sababu nilidhani kuna kitu kimoja tu hapa ambacho kingekurudisha, na nilikuwa nimeshakiuza.

Kuna jingine, na nikishaliandika sitalirudia.

Wiki iliyopita, Alhamisi, alikuwa akilisema neno lake tangu asubuhi. Kuna siku analisema mara chache na kuna siku hakomi. Nilimlisha uji, akautema, akasema ng'ombe. Nikampangusa, ng'ombe. Nikambadilisha shuka, nikainama kumvuta juu, na mdomo wake ukawa kwenye sikio langu, ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Nikamwachilia. Nikamwambia kwa sauti kubwa mpaka Wariara alinisikia shambani, "Ng'ombe ni wewe! Wewe! Umesikia?"

Akanyamaza. Akaniangalia. Nilimwona kama mtoto anayengojea kofi, na mkono wangu, Kibii, ulikuwa tayari uko juu. Sikujua niliunyanyua saa ngapi.

Sikumpiga. Nilikwenda nikapangusa meza. Ilikuwa safi, nikaipangusa tena. Wariara alikuja, akasimama mlangoni, akaondoka. Jioni akaleta bakuli la githeri.

Sihisi vibaya. Hilo ndilo linaloniogopesha. Nangojea nihisi vibaya na siku zinapita.

Jepkemboi


Kikopey, 29 Agosti 2024

Dada,

Uliporudi kutoka Nakuru na dawa Jumanne iliyopita Wariara alikuambia nini? Nilimwomba asiseme. Kama alisema, sawa. Kama hakusema, basi nilikuja.

Ilikuwa siku yangu ya ofu. Nilipanda gari bila kuamua, nikajikuta nimeshuka Rongai. Wariara, uliyemwachia mzee, alinifungulia, akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Umenenepa," akaenda nje na bakuli lake la maharagwe.

Nilifikiri nitamwona yule mtu. Yule aliyesimama kwa kina Winrose. Nikamkuta mzee mdogo chini ya blanketi la maua. Mashavu yamekwisha. Nilisimama pale mlangoni na begi mkononi. Alinitazama, nikafikiri pengine kwangu atanyamaza. Halafu akasema ng'ombe.

Nilikaa kwenye kiti chako. Nikamuuliza, "Unaniita mimi?"

Akatikisa kichwa, ndiyo.

Nikamuuliza, "Au unauliza ng'ombe wako?"

Akatikisa kichwa, ndiyo.

Nikasema, "Unanitukana?"

Ndiyo.

"Unaniomba msamaha?"

Ndiyo.

Nikamuuliza kama yeye ni mwanamke. Ndiyo. Kama leo ni Krismasi. Ndiyo, na machozi yanamtoka jicho la upande mbaya, lakini Wariara anasema hilo jicho hutoka machozi tu lenyewe.

Kwa hivyo nilikaa pale na ndiyo zote hizo, na hakuna hata moja niliyoweza kuondoka nayo. Mwalimu wako Unnati alisema kweli. Hakuna kitu mle cha kusoma.

Nilimlisha. Nikamgeuza. Kidonda kimefunga vizuri, umefanya kazi nzuri. Nilikuta sanduku la viatu chini ya kitanda, lina mkeka mdogo wa plastiki na kitambulisho chako cha kazini, picha yako ukiwa umevaa kofia ya kule kwenye maua. Sijui kwa nini kilinikaa moyoni. Unacheka kwenye ile picha.

Nilisikia sauti yako ukiongea na mtu barabarani nikatokea nyuma kwa Wariara. Nisamehe kwa hilo. Mtu mmoja kwa siku alinitosha.

Sasa sikiliza. Tajiri anafungua kibanda kingine, na nimemwambia mimi naacha mwisho wa mwezi. Amekasirika kidogo, imeisha. Nitakuja kukaa na mzee. Simuonei huruma, usifikirie hivyo, na sijamsamehe. Mikono yangu imezoea kubeba vitu vizito, na wewe umebeba miezi minane. Rudi Karagita. Kama kule kwenye maua hawakutaki, kuna mashamba mengine.

Usiniandikie asante.

Kibii


Karagita, 17 Novemba 2024

Kibii,

Chamgei. Natumaini Nyongesa hakuchelewa. Sasa anatufanyia njia ndefu, maskini, mpaka huku ziwani. Nimepata kazi shamba jingine, si lile la zamani. Napanga maua kwenye chumba cha baridi. Vidole havisikii kitu mpaka saa nane mchana, halafu vinaanza kuuma vyote pamoja. Chumba changu walikuwa wamempa mtu, nimepata kingine mstari wa nyuma, karibu na bomba.

Kwenye simu huwa hatuongei kitu. Wewe unasema "yuko," mimi nasema "sawa." Nasikia sauti yake nyuma, na sasa ni mimi ninayetaka kukata. Ndiyo maana nimeandika.

Mpake mafuta kwenye visigino. Uji usiwe mzito. Akianza kulisema sana, mara nyingi ni mkojo, au baridi, au hakuna.

Jumapili nilikuwa kwenye foleni ya bomba, na mama mmoja jirani, wa chumba cha tatu, mtoto wake alimwaga ndoo. Akamwambia, "Ng'ombe wewe!" Neno la kila siku tu, nimelisikia maisha yangu yote kila mahali, kwa makonda, kwa walimu. Mtoto akaokota ndoo. Nikamwambia yule mama asimwite hivyo. Akaniuliza, "Kwani ni wako?" Nikasema hapana. Nikasimama pale na mtungi wangu, foleni ikanipita watu wawili.

Nimekaa hapa miezi miwili sasa nalala, nakula, na bado najigeuza kila saa mbili.

Jepkemboi


Rongai, 2 Machi 2025

Dada,

Najua umefika salama. Wageni wa mwisho waliondoka Jumatano. Wariara amechukua sufuria zake zote isipokuwa ile kubwa, anasema niitumie. Turubai tumerudisha. Kuku wako kumi na mmoja sasa.

Siku ya mazishi uliniuliza pale kando ya tangi baba alisema nini mwisho, na mchungaji akatukatiza kwa sababu na yeye alikuja kuuliza hilo hilo. Nilimwambia aliomba maji. Akalisema mbele ya watu wote, kwamba mzee aliomba maji na akayapata, na kwamba ulimi wake ulifunguliwa. Watu walitosheka. Nilikuona umeniangalia.

Hakuomba maji. Wiki tatu za mwisho hakusema lolote. Lile neno pia lilimwisha. Jumapili moja alilisema asubuhi, kwa kawaida tu, nikimvalisha soksi, na kuanzia hapo hakulisema tena. Siku ya kwanza nilifikiri amechoka. Siku ya pili nilikaa naye nikimwonyesha vitu, kama Unnati: kikombe, kijiko, kofia yake. Anafungua mdomo, hakitoki kitu, anafunga. Nikampigia Unnati, akasema huenda kiharusi kimepiga tena, kidogo, ndani, nimlete nikiweza. Nilimpeleka Nakuru. Wakanirudisha naye.

Sikukuambia kwenye simu. Ungeniuliza kama nimefurahi kwamba limekwisha. Nyumba ilikuwa kimya. Nilizoea kulisikia kama unavyozoea mashine ya jirani ya kusaga posho.

Alhamisi ile ilikuwa asubuhi nzuri. Nilimtoa nje kwenye kiti, nikamweka juani, taulo shingoni. Ndevu zilikuwa zimemwota, na Ijumaa mchungaji alikuwa aje. Nilichemsha maji, nikampaka povu, nikaanza na shavu la kushoto. Alitulia vizuri. Mwanzoni, Septemba, alikuwa akivuta kichwa nikimkaribia na wembe, lakini siku hizi alikuwa ananiachia.

Nilipomaliza la kushoto nikashika kidevu nimgeuze, na kichwa kikaja chenyewe, kizito. Nikaweka kidole chini ya pua. Nikangojea. Nikaweka tena.

Wariara alikuwa pale pale upande wa pili wa ua anapalilia, nasikia jembe lake. Sikumwita. Povu lilikuwa bado usoni, na lilikuwa bado na joto.

Nikamnyoa shavu la kulia. Nikamnyoa chini ya pua, na kidevu, na pale kwenye koo ambapo ngozi imelegea unahitaji kuivuta kwa kidole gumba. Sikumkata mahali popote. Nikasuuza wembe, nikampangusa kwa taulo, nikaikunja.

Halafu ndipo nikaenda kumwita Wariara.

Ndugu yako,
Kibii